Anwani Isiyopokea Barua

Elinuru alikuwa afisa TEHAMA pekee katika hospitali moja ya misheni, nje kidogo ya mji wa Lushoto. Kompyuta ikigoma maabara, anaitwa yeye. Printa ikitafuna karatasi wodi ya wazazi, anaitwa yeye. Hakulalamika. Alipenda kuitwa.

Mvua za vuli zilipoanza, barua taka nazo zilizidi. Barua pepe za hospitali zilijaa matangazo ya dawa za nguvu za kiume, habari za urithi wa watu wasiojulikana, na maombi ya msaada yaliyojifanya yametoka kwa askofu. Siku moja muuguzi mkuu alibofya kiungo kwenye barua mojawapo, na kabla ya saa ya chai anwani ya hospitali ilikuwa imewatumia upuuzi wachungaji wa dayosisi nzima. Katibu wa hospitali, Mzee Yohane, akamwita Elinuru ofisini.

"Binti yangu, hii ni aibu. Wachungaji wananipigia kuuliza kama tumeanza kuuza mafuta ya kurefusha nywele. Tafuta dawa."

Dawa aliipata: plagini, yaani kiprogramu cha kuongeza kwenye kichujio cha barua, ya kuhakiki anwani. Kila barua inapoingia, plagini inairudia seva iliyoituma na kuuliza: huyu mtumaji yupo kweli? Anaweza kuandikiwa? Jibu likiwa hapana, barua inakataliwa palepale. Maelekezo yalishauri kwamba kwa majuma ya mwanzo barua zenye shaka ziwekewe alama tu, msimamizi azipitie, ndipo aanze kuzikataa. Elinuru aliisoma sentensi hiyo. Akamfikiria Mzee Yohane na simu zake, akachagua kukataa moja kwa moja. Akajitumia barua kutoka kwenye simu yake, ikafika. Akatunga anwani ya uongo, barua yake ikakataliwa. Akaridhika.

Barua taka zikakoma. Kwenye ibada ya asubuhi ya wafanyakazi Mzee Yohane alimsimamisha mbele ya wote, wakampigia makofi.

Siku hizohizo mama mmoja aliyeitwa Jenoveva, mkulima wa karoti kutoka upande wa Gare, alikatwa kinyama kidogo kwenye titi kikapimwe. Daktari Alphonce alikuwa amegusa uvimbe mgumu ambao hakuupenda. Kinyama kilipelekwa kwenye maabara kubwa Dar es Salaam, na majibu, kama kawaida, yangeletwa kwa barua pepe.

Kila siku ya gulio Jenoveva alipomaliza kuuza karoti zake alipita hospitali. Ofisi ya Elinuru ilipakana na chumba cha daktari, kwa hiyo wakazoeana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine yako haijaleta neno langu?"

"Bado, mama. Watu wa Dar wanachelewa sana."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo daktari alivyosema, na daktari alisema hivyo kwa sababu hakuona kitu kwenye barua zake. Jenoveva aliitikia kwa kichwa, akajitwisha kapu lake tupu, akaenda kutafuta gari la kumrudisha kwao.

Kisha likapita gulio asionekane. Na jingine. Daktari Alphonce alipiga namba yake, haikupatikana. Uvumilivu ukamwishia, akaipigia maabara. Aliingia kwa Elinuru simu ikiwa mkononi, ameiweka sauti ya nje.

"Daktari, hayo majibu yalitumwa tangu mwezi uliopita," alisema mwanamke wa maabara. "Mfumo unatuma wenyewe. Hata ya wagonjwa wenu wengine yalitumwa."

"Samahani, dada," Elinuru aliingilia. "Yalitumwa kwenye anwani gani?"

Yule mwanamke aliisoma herufi kwa herufi. Ilikuwa sahihi.

"Na inayotuma ni anwani ipi?"

"Ni ile ya majibu. Ila msije mkaijibu, maana ile haipokei barua. Ni ya kutumia tu."

Hapo Elinuru akaelewa. Kila majibu yalipokuja, plagini ilikuwa ikiuliza swali lake, na seva ya maabara ikijibu kwa ukweli mtupu kwamba anwani ile haiandikiwi. Barua ikakataliwa. Taarifa ya kukataliwa nayo ikarudi kwenye anwani ileile isiyosomwa na mtu. Maabara waliamini wametuma. Hospitali waliamini hawajatumiwa.

"Daktari," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa utulivu, "majibu yalikuja. Mimi ndiye niliyeyazuia."

Alimweleza. Daktari Alphonce hakufoka. Alivuta kiti, akaketi.

"Majibu ya nani?"

"Ya wote."

Elinuru aliizuia plagini isikatae tena barua, maabara wakatuma upya. Barua ziliingia moja baada ya nyingine, na daktari alizifungua palepale mezani kwa Elinuru. Mzee mmoja wa Soni hakuwa na tatizo. Mtoto mmoja alikuwa na kifua kikuu cha matezi, angeanzishiwa dawa. Ya Jenoveva aliisoma, akaisoma tena.

"Ni saratani," alisema. "Kesho tunamfuata. Na wewe utakuja."

Walimkuta shambani, akipalilia kwa mkono mmoja, ule mwingine ameukunja kifuani. Alipowaona akaacha jembe, akatabasamu, akawasalimu kwa Kishambaa.

"Onga mshi, mwanangu! Daktari naye! Mmepotea njia?"

Wakamuuliza kwa nini aliacha kuja. Simu, alisema, ilimtumbukia mferejini akiosha karoti. Na tena hakuona sababu ya kuwasumbua.

"Nilijiambia, habari mbaya haina mguu mzito. Ingekuwa mbaya ingeshafika. Nikaenda kanisani Gare, nikatoa shukrani yangu, nikarudi kulima."

Daktari Alphonce alimwomba wakae. Wakakaa kwenye ukingo wa tuta, na akamwambia ugonjwa wake kwa jina, bila kuzunguka, akaeleza kwamba anampa rufaa ya kwenda Moshi na kwamba safari isingoje. Jenoveva alisikiliza akiyapukuta matope yaliyoganda vidoleni.

Elinuru akapiga magoti mbele yake.

"Mama, kuna lingine, na hili ni langu. Majibu yako yalikuja mapema. Niliweka kitu kwenye mashine cha kufukuza barua za matapeli, kikafukuza na yako. Sikujua, lakini ni mimi."

"Na siku zile nilipokuwa nakuuliza?"

"Yalikuwa yameshakuja, mama."

Jenoveva aligeuza uso kutazama bonde. Akasema kitu kwa Kishambaa, polepole, kama anajisemea. Daktari, mtu wa Bukoba, hakuelewa. Elinuru alielewa. Alikuwa amesema kwamba Mungu ameshamshukuru, sasa yeye atamwambia nini tena.

"Naomba unisamehe, mama."

"Usiniombe leo," alijibu Jenoveva kwa Kiswahili. "Leo nina jambo kubwa kuliko lako." Akamnyooshea daktari mkono amwinue.

Njiani kurudi Elinuru hakuweza kujizuia.

"Tungejua mapema, ingekuwaje?"

Daktari alikuwa akiendesha huku akitazama kona.

"Uvimbe umekua. Kama ingemwokoa au la, sijui. Na wewe hutajua. Itabidi ukae nalo hivyo."

Mzee Yohane alitaka jambo lisitoke nje, kwa heshima ya hospitali. Daktari alikataa, na Elinuru akakataa pamoja naye. Waliwapigia wagonjwa wote, mmoja mmoja, na kila mmoja Elinuru alimweleza kwa mdomo wake. Baba wa yule mtoto alimtukana, na Elinuru hakukata simu mpaka baba mwenyewe akachoka. Plagini aliiacha, ila sasa iliweka alama tu. Kila asubuhi alizipitia barua zote zenye shaka, na za matapeli vilevile, moja baada ya nyingine.

Jenoveva alipelekwa Moshi na binti yake, Perpetua. Baada ya upasuaji Perpetua alipiga simu hospitali, na aliyepokea akamwunganisha na Elinuru. Titi limeondolewa, alisema. Sasa wanangoja kuanza dawa za saratani za kutundikiwa mshipani, na madaktari bado hawajasema kama ugonjwa umepita kwapani.

"Naweza kuongea na mama?" Elinuru aliuliza.

Alisikia minong'ono, mlio wa toroli ikisukumwa, kisha Perpetua akarudi.

"Anasema amechoka, dada."

"Sawa," alisema Elinuru. "Nitapiga siku nyingine."