Jiko Lenye Kioo

Jiko lililoletwa na mkwewe lilikuwa na kioo mlangoni, na hicho ndicho kilichomchefua Mzee Nyundo kuliko vyote. Tangu lini moto ukatazamwa? Moto huotwa. Mtu anayetaka kutazama vitu vikirukaruka nyuma ya kioo akanunue televisheni, awaache wenzake wapate joto.

Mzee Nyundo alikuwa mhunzi. Watu walisema amestaafu, lakini ukweli ni kwamba wateja ndio waliostaafu. Yeye bado aliamka alfajiri na kuvaa aproni yake ya ngozi. Nyumba nyingi za mtaa ule zilipashwa joto na majiko aliyoyafua mwenyewe, mapipa ya chuma kizito yenye miguu mifupi na bomba la moshi linalotoboa dari. Lile la sebuleni kwake alilifua mwaka aliooa, na lilikuwa na sifa moja ambayo hakuna mgeni aliyeondoka bila kuisikia. Wakati wa kulala unalijaza magogo, unaziba tundu la hewa, na moto unalala bila kuzimika. Asubuhi unaukuta unakungoja.

"Moto mtiifu huo," alipenda kusema. Kwamba moto huo uliobanwa pumzi ulifuka moshi mpaka kunakucha, kwamba dari lilikuwa jeusi tititi, na kwamba jirani yake seremala alianika shuka nyeupe akaanua za kijivu, hayo yalikuwa maneno ya watu wasio na kazi. Na seremala yule, kwa kauli ya Mzee Nyundo, hakuwa na haki ya kulalamikia chochote kwa sababu alikuwa mwizi. Zamani Mzee Nyundo alifua kigoda cha chuma, kizuri ajabu, kikatoweka uani. Nani mwingine angekichukua? Seremala hajawahi kutengeneza kigoda kisichoyumba, kwa hiyo kaiba cha mwenzake. Tangu siku hiyo salamu zao zilikuwa za kuinua kidevu tu.

Haya yote yangeendelea kwa amani kama mkewe asingeondoka. Baridi ilipoanza kifua kilimbana, binti yao akaja akamchukua akakae kwake. Daktari akasema ni moshi. Mzee Nyundo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Moshi! Nimekaa naye chumba kimoja maisha yangu yote, sijamsikia akikohoa hata mara moja. Hicho kikohozi kakiokota kwenye foleni ya huyo daktari."

Binti yake hakucheka. "Baba, jiko lile likitoka, mama anarudi. Lisipotoka, anabaki kwangu. Moja kwa moja."

Basi Mzee Nyundo akabaki peke yake na moto wake mtiifu. Alikula kwa kusimama. Alijikuta anaongea na birika, na birika halikumjibu. Alimtaka mkewe arudi, alimtaka sana, lakini alimtaka arudi kwa masharti yake, akae pale pale kwenye kiti chake mbele ya jiko lile lile. Ndiyo maana mkwewe alipopendekeza majiko mawili yawashwe sebule moja, mchana mmoja, na mama mwenyewe akae katikati aamue, mzee alikubali haraka mno. Mtu mwenye akili angeshtuka.

Mkwe hakushtuka. Alikuwa muuza vyombo vya nyumbani, na Mzee Nyundo alimwita Bwana Maelezo, kwa sababu hakuweza kumpa mtu kijiko bila kumweleza kinavyotumika. Alikuja na jiko lake jipya, bomba lake akalipitisha dirishani, akapangusa kioo kwa leso, akaanza.

"Sasa Baba, hapa chini inaingia hewa ya kwanza. Hapa juu kuna vitundu, inaingia hewa ya pili. Ile ya pili ndiyo inauchoma moshi wenyewe kabla haujatoka. Kuni zinatumika chache, joto jingi, bombani kunatoka kama mvuke tu."

"Linachoma moshi."

"Ndiyo, Baba."

"Na majivu linayala? Vyombo nani anaosha?" Mzee Nyundo akamgeukia seremala, ambaye alikuwa ameitwa na binti awe shahidi, na ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango kama mtu anayejua hatakaa sana. "Umesikia, jirani? Jiko linaficha moshi wake. Na mficha maradhi, kilio kitamuumbua."

Mama alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kiti chake akajifunga shali, akawatazama wanaume kwa upole wa mtu aliyezoea mambo ya wanaume. Alikuwa amenenepa kidogo, uso umenawiri. Mzee Nyundo aliliona hilo na likamuudhi, kwa sababu hakujua aliweke wapi katika hoja zake.

Majiko yakawashwa. Na hapa isemwe wazi mzee alifanya nini, maana yeye hakumwambia mtu. Kuni kavu alikuwa amezificha uvunguni mwa kitanda, za jiko lake. Zile za jiko la mkwe alizitoa chini kabisa ya rundo la nyuma ya nyumba, zimenyeshewa zikalowa mpaka kwenye kiini. Bwana Maelezo, aliyejua kila kitundu cha jiko lile, hakujua kupima gogo kwa mkono. Akazipanga ndani kwa ustadi mkubwa. Na alipogeuka kumweleza mama mkwe habari za vitundu, Mzee Nyundo akanyoosha mguu kama mtu anayejinyoosha, akakisukuma kishikio cha hewa kikafunga.

Moto wa mzee ulinguruma. Ule mwingine ulitoa milio ya kutatarika, ukatokwa na jasho la maji, na kioo kile cha kifahari kikaanza kuwa cha kahawia, kisha cheusi. Mkwe alipofungua mlango aone kulikoni, moshi ukamrukia usoni.

"Mkwe wangu, tafadhali," alisema Mzee Nyundo, "nionyeshe huo moto wa kutazama. Nimevaa miwani kabisa. Naona giza."

"Sielewi, Baba. Kwetu linawaka vizuri tu..."

"Kipya kinyemi kingawa kidonda! Haya, kidonda chako hicho, kipulize."

Hata seremala alitabasamu, na hilo lilimpa mzee raha kubwa. Moshi wa jiko jipya ukachanganyika na ule wa jiko la zamani, ambao siku zote ulivuja kidogo kwenye kiungo cha bomba. Mama aliminya midomo. Machozi yakamlengalenga. Alitazama jiko moja, akatazama jingine, kisha akamtazama mumewe aliyesimama kifua mbele kama jogoo.

"La mume wangu lina joto zuri," alisema taratibu. "Limeshinda."

"Mama!" binti aling'aka.

"Nimesema. Ngoja nikatazame nje kidogo."

Akatoka. Mzee Nyundo hakuona ajabu. Mkewe siku zote alikuwa na kitu cha kutazama nje: kamba ya nguo, ndoo, mlango wa ua. Akaingia chumbani, amejaa ushindi, kuchukua kuni kavu nyingine uvunguni. Alipokuwa amepiga magoti akasikia sauti nyuma ya nyumba, kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Ikakatika, ikaanza tena. Akainuka na kuni zake kifuani, akasukuma dirisha ambalo halikufunguliwa miaka mingi.

Mkewe alikuwa kwenye uchochoro kati ya ukuta na rundo la kuni, upande ambao hakuna mtu anayefika. Alikuwa ameinama, shali kalijaza mdomoni, mabega yanaruka. Mkono mmoja ulishika ukuta, na pale uliposhika plasta ilikuwa imelainika ikang'aa. Kwenye msumari kilining'inia kipande cha blanketi la zamani. Na alikalia kigoda cha chuma, kizuri ajabu, miguu ya kigoda imezama ardhini kwa jinsi kilivyokaa pale miaka mingi.

Mzee Nyundo alisahau kwamba ameshika kuni. Moja ilianguka, mkewe akainua uso.

"Funga dirisha," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Unaingiza baridi."

"Tangu lini?"

Alingoja pumzi imrudie. "Tangu binti yako anatambaa."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa unalisifu sana," mkewe alisema, akajifuta mdomo.

Aliporudi sebuleni, Mzee Nyundo hakumtazama mtu. Alifungua jiko lenye kioo, akazikokota zile kuni zilizolowa mpaka kwenye ndoo, akaweka kavu, akavuta kishikio cha hewa mpaka mwisho.

"Wewe nawe!" alimfokea mkwewe. "Jiko linakabwa koo, umekaa unatoa maelezo!"

"Lakini hewa niliifungua mwenyewe, Baba."

"Ikafungwa. Aliyeifunga ni mpumbavu."

"Mpumbavu gani?" aliuliza seremala.

"Wa mtaa huu. Unamfahamu, amekutukana kwa muda mrefu." Akajifanya anakohoa, kisha akaona aibu ya kujifanya. Akachukua koleo, akatoa makaa ya jiko lake moja moja na kuyapeleka uani, mpaka tumbo la chuma likabaki tupu. Aliona aibu kama hajawahi kuiona maishani mwake, na aibu hiyo ilimfanya agombe na kila kitu, hata na koleo.

Moto wa jiko jipya ulishika. Joto likaanza kuula ule weusi wa kioo kuanzia katikati, na miali ikaonekana. Hakuna aliyeisifia.

Mzee akatoka, akarudi amemshika mkewe mkono, na mkono mwingine umebeba kigoda chenye udongo miguuni. Seremala alikiona kigoda, akafungua mdomo.

"Nyamaza, jirani," alisema Mzee Nyundo. "Nitakuja kwako kesho."

Akakiweka mbele ya jiko lenye kioo, akakipangusa kwa aproni.

"Kaa hapa. Na kikohozi kikija, kohoa hapa hapa, nikusikie."

Mkewe akakaa. Haikuchukua muda kikamjia, na kwa mazoea akainuka nusu kuelekea mlangoni. Akamtazama mumewe, akakaa tena. Akakohoa kwa muda mrefu, na mzee akabaki amesimama kando yake, anasikiliza.