Vitambaa Vyeupe vya Sherehe ya Tanuru

Siku kiwanda cha kuyeyusha vyuma kilipofunguliwa nyuma ya ua wetu, nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Mwanangu alipata kazi. Mji ukanenepa: lami, maghorofa, maduka yasiyofungwa. Hata mimi dobi nikaelemewa na nguo za kufua. Kisha wakaanza kuchochea tanuru kwa matairi machakavu, na mjukuu wangu akaanza kulala ameketi, akivuta pumzi kwa mabega.

Nilimwendea mwenye kiwanda, nikamweleza hali ya mtoto.

"Bibi," alisema macho yakiwa kwenye simu, "mji ukikua lazima utoe moshi. Mfungie madirisha."

Mwanangu naye akanisihi. "Mama, nyamaza. Ndipo tunapokula."

"Wewe unakula, baba. Mwanao anakula masizi."

Aliyetuonea huruma ni mlinzi wa getini. Kila walipotaka kuchoma matairi, alitundika koti lake la mvua juu ya geti, nasi wafuaji tukakimbia kuanua. Hakuna aliyemtuma.

Mke wa tajiri mwenye kiwanda pia alikuwa na utu. Aliwahi kumsikia mjukuu wangu akikohoa, na aliporudi alikuwa na dawa ya kuvuta kwenye mkoba. Ndiye aliyeniletea vile vitambaa vya meza, vyeupe pe.

"Mama, ni vya sherehe ya tanuru la pili. Nakuamini wewe tu."

Tanuru la pili! Mtoto alikuwa chumbani akikorota. Nikasema, "Usiwe na wasiwasi, mwanangu."

Nilivifua vikang'aa, nikavianika. Asubuhi ile ile koti likatundikwa. Wenzangu wakaanua mbio mbio. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa.

"Bibi!" mlinzi akapaza sauti. "Umelala? Anua!"

"Acha vipate hewa."

"Hewa gani hiyo?"

"Ya bosi wako."

Alinitazama, akajikuna shingo, akaingia kibandani na kufunga mlango taratibu.

Vilipokauka sikuvikung'uta. Nilivikunja masizi yakiwa ndani, upande msafi nje, nikavipeleka ukumbini mwenyewe wakati wageni wanashuka kwenye magari, pasiwe na nafasi ya kutafuta vingine. Nikatandika, upande wa masizi juu. Mke wa tajiri alikuwa mlangoni akipokea watu; hakuona.

Mwenyekiti wa halmashauri ya mji, aliyekuja kusaini kibali cha tanuru, aliweka mikono mezani bila kutazama. Alipoinua, mikono ya shati lake ilikuwa myeusi.

"Nini hiki?"

"Masizi, mheshimiwa," nilisema. "Nimeanika vitambaa hivi uani kwangu, nyuma ya kiwanda. Mjukuu wangu huyapata kila siku, tena bila sahani."

Mtu akacheka, wengine wakakagua nguo zao. Tajiri alinijia juu.

"Bibi, mimi ni wa kufanyiwa hivi? Mwanao yuko kwangu!"

"Na moshi wako uko kwangu."

Mwenyekiti alijifuta, masizi yakazidi kusambaa. "Leo sisaini," akasema. "Kwanza nitafika uani kwa huyu mama." Akatoka, na tajiri akamfuata mpaka kwenye gari, akibembeleza kama mtoto aliyenyimwa. Nilimtazama mpaka nikaridhika. Sikuwahi kujua kwamba aibu ya mtu mwingine inaweza kuwa tamu namna ile.

Mwanangu alifukuzwa kazi kabla jua halijazama. Alikuja kunieleza, akakaa kitandani kwa mtoto, akambeba mgongoni bila kunilaumu.

Lakini kabla ya hapo, ukumbi ulipobaki mtupu, nilimkuta mke wa tajiri akikusanya vitambaa peke yake, wanja umemtiririka.

"Mama, si ungeniambia mimi?"

"Ningekuambia, ungevifua upya."

Akachukua kitambaa kingine. Nilishika ncha za upande wa pili, tukakunja pamoja, kimoja baada ya kingine. Nilimhurumia kwa dhati. Radhi sikumwomba.