Panya wa Bi Ardis

Mimi ni mtoto wa mkulima wa Dakota Kaskazini, kwa hiyo sina pa kujificha. Kwetu kila mtu anajua: ukizungushia trela, ile nyumba ya magurudumu tunayoishi, marobota ya majani makavu ili baridi isipite chini yake, weka mabua matupu, si nyasi zenye mbegu. Mbegu ni karamu ya panya. Lakini mwaka ule nyasi ndizo zilizokuwa karibu, nami ni mvivu. Nikazipanga pande zote, tena nikajisifu.

Jirani yangu Bi Ardis, mjane aliyewapikia watoto wa shule miaka thelathini, alizungushia trela yake plaiwudi. Kila tundu la bomba alilishindilia waya wa kusugulia sufuria. Hata sisimizi hapiti.

Januari bomba langu liliganda, naye yuko kanisani. Nikafungua ubao mmoja chini ya trela yake, nikachomeka kwenye soketi yake waya wangu wa kupashia bomba joto, nikayeyusha barafu. Ubao sikuurudisha sawasawa. Ulikaa wazi siku tatu. Nilipouona, nikaupigilia misumari kimyakimya. Panya waliojaa kwenye nyasi zangu walikuwa wameshahamia kwake, maana kulikuwa na joto zaidi.

Jumapili iliyofuata wanawake wa kanisani walikwenda kwake kunywa kahawa, kama kawaida yao, wakakuta kinyesi cha panya kwenye sahani ya biskuti. Hawakurudi tena.

"Ardis siku hizi hafagii," nilimsikia LaVonne, mmoja wao, akimwambia mwenzake Dagny kwenye chumba chetu sote cha kufulia nguo. "Uzee huo, shoga yangu."

Niliendelea kukunja soksi zangu.

Wiki ya tatu Bi Ardis akabisha hodi kwangu, akaingia, macho mekundu.

"Loren, mwanangu, wewe una panya?"

"Sina, Bi Ardis." Na kweli sikuwa nao tena.

"Basi ni hayo majani yako yanayowafukuza. Nipe marobota mawili matatu na mimi. Nimesugua mpaka vidole vimechubuka, na bado wapo. Labda kweli nimekuwa mchafu, sijioni tu."

Ningeweza kumpa akaenda zake. Naona haya kusema kwamba nililifikiria hilo.

"Bi Ardis, panya ni wangu," nikasema, nikamweleza yote, mbegu na ubao.

"Kwa hiyo siyo mimi?"

"Siyo wewe."

"Na wiki zote hizi uliniona nasugua?"

"Nilikuona."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alivuta kiti changu, akaketi, akatoa simu.

"Dagny? Siyo mimi! Ni Loren. Ndiyo, huyu huyu, mtoto wa mkulima! Kaweka nyasi za mbegu!"

Kicheko cha Dagny kikajaa trela nzima. Nikashika koti langu, nikaelekea mlangoni.

"Kaa hapo," akasema Bi Ardis, akitafuta namba nyingine. "Kanisa letu lina watu wengi."