Nani Mwingine Alikuwepo Mkongeni

…na haki ya Mungu kila neno ni kweli, nikiwa nimeongeza hata punje radi inipasue hapa hapa mbele yenu, ndivyo alivyomaliza Nestori, kwa sauti iliyotikisa madirisha yote ya chuo, au tuseme lile moja lililolegea bawaba, na wanachuo arobaini wakampigia makofi, naye akakung'uta mkono wa koti kama mtu aliyetoka vitani sasa hivi, mara mkono ukanyooka dawati la tatu, mkono mwembamba anaoujua tangu haujaweza kushika kijiko, Generosa, binti yake mwenyewe, akasimama, daftari mkononi, akasema, "Ahsante, ndugu mzee. Je, nani mwingine alikuwepo?" … ndugu mzee, yeye, baba mzazi, ndugu mzee, kama ameokotwa gulioni, na huyo mtoto ni yeye aliyembeba mgongoni kutoka Kibondo mpaka misheni siku aliyougua surua, mvua inanyesha, maili thelathini bila kupumzika, haya, kumi, lakini mvua ilikuwepo… nani mwingine, watu walikuwa mia tatu, si amewaambia sasa hivi, watu mia tatu shambani kwa Mzungu, Tanga huko, miaka ya hamsini, manamba watupu, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, nyapara kawaongezea kazi, na yeye Nestori peke yake akatoka mbele, akalitupa panga chini, akasema leo haukatwi mkonge hapa mpaka vipimo virudi vya zamani, na wote mia tatu wakatupa mapanga, na Mzungu akatetemeka mpaka kofia ikaanguka, hadithi hii ameisimulia Kibondo nzima miaka ishirini na hakuna aliyewahi kuuliza kitu, watu wanamwongezea pombe tu, "Simba nao walikuwepo," mmoja kanong'ona kule nyuma, wenzake wanakohoa kuficha kicheko, "Watatu, mwenzangu, na wote aliwaua kwa jiwe"… Generosa hacheki, bora angecheka, kalamu iko juu ya karatasi, inangoja… na kwani yeye alikuja kusimulia, alikuja kumchukua huyu mtoto, hilo ndilo lililomleta Kasulu, siku mbili juu ya magunia ya maharage kwenye lori la Gharibu, sanduku lifungwe warudi nyumbani, maana mwaka unakatika, mtu anasomea ualimu na chaki hajaishika, kila barua anayosomewa ni habari za mawe, mara nyota, mara ngoma za Wagogo, mara wafalme wa Heru waliokwisha oza, na mtoto wa jirani yake Cleophas kafundishwa miezi kadhaa pale pale kijijini, sasa ana darasa lake, ana fimbo yake, wazee wazima wanampisha njiani, mwalimu huyo, basi Nestori akaja kumweleza mkufunzi asubuhi hii ofisini, akaipiga meza ngumi mpaka wino ukamwagika, haya, aliigusa meza, akasema ng'ombe anakamuliwa, bwana, haulizwi maziwa yametoka wapi, nyota za nini kwa mtu wa kufundisha a, e, i, o, u, na mkufunzi Tamimu, mwembamba, kofia ya kufuma, mpole kama mgonjwa, akamwambia, "Kufundisha tutawafundisha, mzee wangu, mwakani. Lakini kibuyu kikiwa kikavu, utamnywesha nani?" halafu akasema nasikia uliwahi kufika mkongeni, kipindi cha leo ni historia, njoo uwasimulie, sanduku utalichukua baadaye, na mtu gani mwenye ulimi kinywani anakataa masikio arobaini… na mkufunzi anatoka Korogwe, kumbe, amelitaja sasa hivi tu alipokuwa anamkaribisha, Korogwe, mkonge mpaka mlangoni, amekaa pale pembeni kakunja mikono, anajua, hajui, atajuaje, na ubaoni nyuma kuna mistari mitatu, Nestori haisomi lakini aliisikia ikisomwa mwanzoni, aliyesema haya aliona au alisimuliwa, anapata nini akisema, nani mwingine alikuwepo, akatikisa kichwa kwa kukubali, mambo mazuri, alidhani ni maswali ya kuwauliza wafalme waliokufa… nani mwingine… mama mmoja wa Nyabibuye aliwahi kuuliza, eeh, yule ndiye aliyeuliza, yeye peke yake, Nestori alirudi kutoka Tanga na shuka jipya na kofia, akapita kule, mama akatoka, akainama, akapiga makofi ya salamu taratibu kama desturi, mwakeye, mwakeye, akauliza ng'ombe, akauliza mihogo, akauliza mvua za huko, makofi yanaendelea, mtu haulizi la moyoni kabla salamu hazijaisha, mwisho akauliza, "Na mwanangu Niyitegeka? Si mliondoka pamoja?" na Nestori naye akapiga makofi yake, akasema, "Tanga ni kubwa, mama. Hatukuonana," … hatukuonana, walilala kibanda kimoja, walikula sufuria moja, mikono ya Nestori ilivimba miiba ya mkonge mpaka akawa analia kama mtoto, na Niyitegeka akimaliza ngwe yake anaingia kwenye ya mwenziwe, anakata, anafunga mafungu, nyapara akihesabu anakuta Nestori kamaliza, na siku ile ya vipimo, panga lililoanguka chini halikuwa lake, lake alilikumbatia kifuani nyuma ya rundo la mafungu, amechutama, anachungulia, aliyesimama mbele ni Niyitegeka, na hawakuwa mia tatu, walikuwa kumi na wanane, na mapanga yaliyofuata ni mawili tu… jioni wakamfukuza, Niyitegeka akaja mlangoni, akasema, "Ndugu yangu, nisindikize hadi stesheni," naye Nestori akafunga macho akajifanya homa imemzidi, akasikia miguu imesimama, imesimama sana, kisha imeondoka, na hakuna aliyemwona tena, si Kigoma, si Nyabibuye, si popote… "Tupo, mzee," anasema mkufunzi, "hatuna haraka," sauti haina mkuki ndani yake, hilo ndilo baya, angemtukana angejua la kujibu… aseme Tanga ni kubwa, ndilo rahisi, mtoto ataandika, anaandika kila kitu huyu, kisha serikali itampangia kazi, itampeleka wapi, watampeleka hata Nyabibuye, atasimama mbele ya watoto, wajukuu wa yule mama wamekaa chini wanamtazama, na atawafundisha kwamba aliyelitupa panga ni Nestori wa Kibondo, na wataimba, na mtoto wa Cleophas angefundisha hivyo hivyo kwa fimbo yake, bila kuuliza, fimbo inamuuliza nani… na huyu kauliza, anamwogopa baba yake, na kauliza mbele ya watu, kwa hiyo ndicho walichokuwa wanamfundisha mwaka mzima, mawe na nyota na wafalme, kumbe kote huko walikuwa wanamnoa, na sanduku… sanduku alifungie nini, Kibondo kuna nini cha kuuliza… "Baba," Generosa kasema, pole pole sasa, ndugu mzee kaiweka kando, "kama hukumbuki, niandike hukumbuki," anampa mlango, mtoto anamfungulia mlango mbele ya watu atoke na heshima yake, na heshima yenyewe ni ya mtu mwingine, kaivaa miaka ishirini kama lile shuka, "Nakumbuka," akasema, na sauti haikutikisa dirisha lolote, "Alikuwepo mtu wa Nyabibuye," kalamu ikaanza kukimbia, wale wa nyuma wameacha kukohoa, na alipofungua mdomo kulitoa jina akahisi Kibondo nzima imekaa pale kwenye madawati na vibuyu vyake vya pombe, "ila wanangu, nawaomba, nitakalolisema sasa liishie humu, msimwambie mtu, hata mama yako, Generosa, usimwambie."