Risasi ya Njano Mfukoni mwa Mzee Simel

Mzee Simel alivuta triga, na bunduki ikasema tik.

Sahani ya udongo ya kulengea ilipita angani bila kuguswa, ikaenda kujiangukia kwenye nyasi za upande wa Isinya. Wanachama watano wa klabu ya kulenga shabaha waliokuwa wamekaa nyuma walicheka kidogo, kicheko cha adabu, maana mzee wa miaka sabini na sita hachekwi kwa meno yote. Mwenyewe alinung'unika maneno fulani kwa lugha yake ya Kimaa. Aliifungua bunduki yake ya mitutu miwili, akainamisha kichwa, akaona tundu la kulia liko tupu.

"Kumbe sijaweka," alisema. "Hii akili yangu nayo imeenda likizo."

Mkono ukaingia mfukoni mwa kizibao, ukatoka na risasi nyekundu, ukaisukuma ndani. Bunduki ikafungwa.

Mwololo alikuwa hatua nne nyuma yake, ndoo ya maganda ya risasi mkononi. Kwa miaka kumi na moja kazi yake katika klabu ile, nje kidogo ya Kitengela, ilikuwa kuokota maganda, kusafisha bunduki za wenyewe, kupiga brashi vizibao vyao, na kunyamaza. Hiyo ya kunyamaza ndiyo aliyojifunza kwanza. Mfanyakazi hapigi kelele kwenye mstari wa kufyatulia. Mwenye ruhusa ya kupiga kelele pale ni katibu, Bwana Mugo, na wakati huo Bwana Mugo alikuwa amegeuka upande anazungumza na simu.

Lakini Mwololo alikuwa ameona. Kwa macho yake mawili alikuwa ameona kidole gumba cha mzee kikisukuma risasi ndani ya mtutu ule ule wa kulia, kabla ya ile tik. Sasa mzee anasema hakuweka. Na risasi si barafu useme imeyeyuka.

Mzee Simel aliinua bunduki begani. Alivuta pumzi ili aite sahani.

"Wacha!" Mwololo alipiga ukelele. "Mzee, usipige! Wacha! Wacha!"

Ndoo ilimtoka mkononi, maganda yakamwagika kote. Hakuna aliyewahi kusikia sauti ya Mwololo ikifika juu namna ile, na aliyeshtuka zaidi ya wote ni Mwololo mwenyewe. Mzee aliganda, kidole kikiwa tayari kwenye triga. Bwana Mugo alikuja mbio, simu bado sikioni.

"Mwololo, umerukwa na akili?"

"Mzee, inamisha hiyo bunduki chini. Pole pole. Toa kidole. Sasa ifungue."

Walitii wote, hata Mugo, jambo ambalo walilishangaa baadaye. Risasi nyekundu ilitolewa. Mwololo aliichukua bunduki, akaipeleka kwenye meza yake ya kusafishia, akaitenganisha mitutu, akaielekeza kwenye mwanga. Wa kushoto ulimwonyesha duara la anga. Wa kulia ulikuwa giza tupu.

Aliingiza ufito wa kusafishia kutoka mdomoni mwa mtutu, akausukuma taratibu kama anayemlisha mgonjwa. Kitu kiligoma, kikaachia. Risasi ya njano iliangukia mezani, ikabingirika, ikatulia.

Wote walijua walichokuwa wanakitazama. Risasi za namba ishirini ni nyembamba kuliko za kumi na mbili, na hutengenezwa za njano ili hata mlevi asizichanganye. Ukiitia kwenye bunduki ya kumi na mbili kama ya mzee, huteleza na kukwama ndani, mahali ambapo ukichungulia kwa haraka utadhani hukuweka kitu. Ukiongeza nyingine nyuma yake, ukafyatua, mtutu hupasuka pale pale ulipo mkono wa kushoto, na uso hauko mbali.

"Enkai ai, Mungu wangu," Mzee Simel alisema, akakaa chini. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye kreti ya sahani za udongo. Aliutazama mkono wake wa kushoto, akaugeuza, akautazama tena upande wa pili.

Ndipo watu wakamgeukia Mwololo. Walimshika mkono mmoja mmoja, watu ambao kwa miaka kumi na moja walikuwa wakimkabidhi bunduki bila kumtazama usoni. Daktari mmoja wa Rongai alimkumbatia kabisa. Bwana Mugo alimpiga bega mara tatu.

"Leo umeokoa mtu. Nitaongea na kamati. Huu mstari unataka mtu wa kuusimamia, na huyo mtu ni wewe. Utapewa kofia na filimbi, na ukisema simama, hata mbunge atasimama."

Mwololo alitikisa kichwa kukubali, lakini masikio yake yalikuwa hayasikii vizuri. Alikuwa anaitazama ile risasi ya njano. Alikuwa amejua ilikotoka tangu ilipogusa meza.

Jumapili iliyopita mjukuu wa mzee, Nalangu, alikuja kulenga na bunduki yake nyepesi ya namba ishirini. Kulikuwa na upepo wa baridi, babu akamvika kizibao chake. Jioni kilirudishwa kwa Mwololo kama kawaida. Kazi ya kizibao ni kupindua kila mfuko nje ndani, kutoa vilivyomo, kupiga brashi, kutundika. Jioni ile mvua ilikuwa inakuja na njia ya kwenda kwake, ikilowa, haipitiki. Mwololo aliipapasa mifuko kwa nje tu. Aliona iko sawa. Alitundika kizibao, akaenda zake, akafika kabla ya mvua, akajipongeza.

Sasa watu walikuwa wanampongeza wao.

Ofisini Bwana Mugo alifungua kitabu cha matukio. Mzee Simel alikaa mbele yake, kizibao bado mwilini. Mwololo aliitwa kama shahidi, akasimama karibu na mlango.

"Mzee, mimi sina ubaya na wewe," Mugo alianza. "Lakini leseni yako inaisha mwezi huu, na klabu ndiyo inakuandikia barua kusema wewe ni mtu makini na silaha. Hiyo barua nitaiandika aje? Kuchanganya risasi ni kosa la mtu anaanza."

"Sijui ilitoka wapi," mzee alisema kwa sauti ndogo.

"Ilitoka kwa mfuko wako."

Tangu mzee alipomzika mkewe kule Kajiado, ng'ombe akawaachia wanawe, siku yake ilikuwa ni hii ya Jumapili. Alikuwa akifika kabla ya geti kufunguliwa. Alikuwa amewahi kumwambia Mwololo, akimkabidhi bunduki ipakwe mafuta, kwamba hapa ndipo mahali pekee palipobaki ambapo anaulizwa alama zake badala ya kuulizwa kama amekunywa dawa. Bila barua ile hakuna leseni, na bila leseni bunduki inabaki stoo ya polisi.

Kalamu ya Mugo ilianza kutembea. Mwololo aliisikia ikikwaruza karatasi. Aliwaza habari za nyumbani: chumba kimoja, watoto wawili, mke ambaye angefurahia ile kofia kuliko yeye. Akinyamaza, kila kitu kinakwenda vizuri. Na kunyamaza ndiko alikokuwa hodari.

"Bwana Mugo, usiandike hivyo."

"Niandike aje?"

"Andika Mwololo hakutoa vitu kwa mfuko. Nalangu alivaa hicho kizibao wiki jana. Mimi ndiye wa kukisafisha. Sikuingiza mkono. Nilipapasa tu juu juu nikatundika."

Mugo aliinua uso. Alimtazama Mwololo kama mtu aliyesikia habari ya msiba.

"Unajua unasema nini? Nikiandika hivyo, kamati inakufuta. Kofia usahau. Hata brashi usahau."

"Najua."

"Watu wamekushika mkono sasa hivi, Mwololo!"

"Najua, bosi. Hiyo ndiyo imenishinda." Aliogopa, na hakujaribu kuficha kwamba anaogopa. "Ningemuua mzee. Kisha mnanipigia makofi."

Mugo aliikata ile sentensi aliyokuwa ameanza, mstari mmoja, halafu wa pili. Alipogusa kalamu kwenye mstari mpya, Mzee Simel alinyoosha mkono akaufunika ukurasa.

"Ngoja. Huyu amesema yake. Mimi pia niko na yangu."

"Mzee, wewe huna makosa, si umesikia?"

"Niliijua," mzee alisema.

"Uliijua nini?"

"Ile risasi. Nilipoishika nilijua ni nyembamba. Miaka arobaini nashika hizi vitu, Mugo, nikiwa usingizini naweza kukuambia hii ni gani. Vidole viliniambia, mzee, hii si yenyewe." Alijigusa jicho moja. "Lakini hili jicho lina mtoto wa jicho, na hili lingine nalo linaelekea huko huko. Ningetaka kuona rangi, ningeileta mpaka hapa." Aliuweka mkono mtupu mbele ya pua. "Na hao watu wote wako nyuma yangu wananiangalia. Nikaona aibu. Nikaiweka. Na tundu lilipoonekana tupu, nikaona afadhali niamini sikuweka."

Mwololo aligeuka akamtazama mzee.

"Andika hiyo," mzee alisema. Alitoa cheti chake cha bunduki kutoka mfuko wa shati, kimekunjwa mara nne ndani ya plastiki, akakiweka juu ya kitabu. "Kesho nitapeleka bunduki kwa polisi mimi mwenyewe. Hiyo barua usiandike. Hata ukiandika, sitaitumia."

Mugo alikaa na kalamu hewani. Kwenye ukurasa palikuwa na tarehe na mistari miwili iliyokatwa.

Mzee Simel aliinuka ili avue kizibao. Alishika zipu, ikateleza. Aliishika tena. Vidole vilikuwa vinatetemeka hata haviwezi kukutana. Mwololo alitoka mlangoni akaja kumsaidia, kama alivyomsaidia Jumapili nyingi, na hapo ndipo alipogundua kwamba vyake vinatetemeka zaidi. Walisimama hivyo, mikono minne juu ya zipu moja, hakuna anayeweza kuishusha.

Nje, watu walikuwa wamerudi kwenye mstari. Mtu aliita sahani, "Pull!"

Wote wawili walifumba macho, wakangoja mlio.