Jambo la Kumi na Nne

Eufrosina alifunga vichwa vitatu vya brokoli kwa mpira, akavitia kwenye boksi, akashika vingine vitatu. Sikio moja lilikuwa kwa mashine, la pili kwa simu aliyoichomeka ndani ya kitambaa cha kichwa. Mkutano wa madiwani ulianza saa kumi na mbili jioni, nao tangu maradhi yaingie ulihudhuriwa kwa simu tu.

"Wamefika jambo la ngapi?" aliuliza Tomasa, mwenzake wa mashine, barakoa ikiwa imemshuka puani.

"La nne. Bustani ya mbwa."

"Mpaka sasa?"

"Dakika ya arobaini. Wanabishania bomba la kunyweshea."

"Subiri, shoga. Mbwa wakishakunywa, watatufikia na sisi."

La Eufrosina lilikuwa jambo la kumi na nne: kuongeza hali ya dharura ya mji kwa siku sitini. Walikwisha kuiongeza mara tatu. Chini ya dharura hiyo, makaburi ya mji yalipokea jeneza na gari moja la wafiwa, watu wawili, vioo vimefungwa. Kuliteremsha jeneza kaburini ni kazi ya mashine.

Mumewe, Abundio, alikuwa wiki ya tano kwenye chumba cha baridi cha maiti. Kwao ng'ambo ya mpaka, milimani Oaxaca, maiti hubebwa na sita waliolima naye mstari mmoja, wakibadilishana bega langoni. Abundio alibeba wengi. Eufrosina alingoja dharura iishe naye abebwe, lakini asubuhi ile mwenye chumba alimpigia: nafasi zimejaa, mwisho Ijumaa. Basi leo angeomba kitu kimoja tu. Wanaume sita wafunguliwe lango la makaburi kwa dakika kumi. Ni walewale waliopakiwa kila alfajiri ndani ya gari moja kwenda shambani, wakiwa na karatasi ya kibali isemayo kazi yao ni muhimu.

"Mambo ya tano hadi ya kumi na saba, kwa pamoja," mwenyekiti alisema mbiombio, mkalimani wa Kihispania akimfuata kama mtu aliyeachwa na basi. "Wanaoafiki?"

Sauti tano ziliitikia. Eufrosina alidhani wanaitwa majina. Alifunga vichwa vingine, akingoja kusikia kumi na nne.

"Sasa wananchi wenye mambo yasiyo kwenye orodha ya leo."

Akabonyeza haraka kinyota, kisha tisa, kuomba kusema, kama alivyoelekezwa. Karani alimwita kwa tarakimu za mwisho za namba yake. Alipewa dakika moja.

"Nataka kusema juu ya la kumi na nne."

"Lilishapita, mama."

"Lini?"

"Pamoja na mengine. Maoni yake yalipokelewa mwanzoni kabisa."

"Mwanzoni nilikuwa navaa aproni."

"Pole sana. Sema jambo lisilo kwenye orodha. Umebakiwa na sekunde arobaini."

Tomasa alimtazama, kisha akaangalia chini. Eufrosina alirudi hatua moja kutoka kwenye mashine. Brokoli zilianza kurundikana.

"Wabebaji wa Abundio Sarabia," alisema. "Hao hawamo kwenye orodha. Andika. Nabor Cruz. Wilibaldo Cruz, mdogo wake. Onésimo Feria, huyu mguu wake mmoja mfupi, awekwe nyuma. Cirilo Feria. Prócoro Luna, ndiye aliyemfumba macho."

Kengele ililia.

"Ahsante kwa maoni yako," karani alisema, na laini ikakatika.

Tomasa alikuwa akifunga kwa mikono miwili kazi ya watu wawili, na hakuwa akiiwahi. Msimamizi alikuja akipita katikati ya maboksi.

"Dada, mzigo unamwagika."

"Na Delfino Ayala," alisema Eufrosina.

"Nani?"

Alirudia jina lote, polepole, ndipo akainama kuokota.