Kushoto Palipokuwa na Kinu

Sijali nani ameshika usukani, mwanamume au mwanamke, mradi ajue anakokwenda. Yule dada hakujua. Nilimwona mapema, maana kila tukikaribia njia panda alipunguza mwendo na kuangaza macho huku na huku kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Basi letu la asubuhi lina watu walewale. Mimi ni fundi bomba, nakaa nyuma ya dereva kwa sababu hapo mkoba wangu wa vifaa unapata nafasi. Pembeni yangu hukaa mama anayepeleka mayai sokoni, trei amezipakata hadi kidevuni. Ng'ambo yetu hukaa mwalimu mstaafu, na nyuma yake kijana mwenye tai. Miaka yote tunayosafiri pamoja tulikuwa hatujasemeshana, labda kukohoa tu. Si ubaya. Asubuhi kila mtu ana lake.

Siku hiyo tukakuta barabara kuu imechimbwa. Bomba limepasuka, maji yanaruka juu kama yanacheza ngoma. Askari akatuonyesha tupite kando. Dada akapita kando, akaenda, akaenda, mpaka akafika mbele ya ukuta. Akazima injini.

"Samahanini," akasema bila kugeuka. "Kuna anayejua hapa tunatokaje?"

"Si wewe ndiye dereva?" kijana mwenye tai akapaza sauti.

"Ndiyo, kaka yangu. Lakini njia niliyofundishwa ni ile iliyochimbwa. Leo ni siku yangu ya majaribio. Msimamizi ananisubiri kituo cha mwisho. Kasema nikipotea, nimkabidhi funguo palepale. Na mama yangu alivyo, ameshawatangazia majirani wote kwamba nimepata kazi."

Kisha mama wa mayai akanigeukia.

"Wewe si fundi bomba? Shuka ukazibe lile bomba tupite."

"Mimi ni wa masinki na vyoo, mama. Lile ni la serikali."

"Basi hata sema neno! Umekaa hapo umenuna kama basi ni la baba yako." Akamgeukia dereva. "Rudi nyuma, mwanangu, halafu kata kushoto palipokuwa na kinu cha kusaga."

"Kinu kiko wapi, mama?"

"Kilibomolewa zamani."

"Sasa nitakionaje?"

"Hukioni. Ndiyo maana nakwambia palipokuwa."

"Aelekee magharibi," mwalimu akaingilia, "kisha kaskazini."

"Mwalimu," nikamwambia, "huyu ana usukani, hana dira. Sema kushoto au kulia, au unyamaze."

Nilidhani atakasirika. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Kushoto basi, bwana mkali."

"Simu yangu inasema twende moja kwa moja," kijana akasema, macho kwenye ramani yake.

Mama akautazama ukuta. "Iambie itangulie, sisi tutaifuata."

Dada akawasha injini, akarudi nyuma. Hapo ndipo tulipogundua kwamba kila mmoja ana kipande chake. Mama alijua njia mpaka kwenye kinu chake cha mzimu, kwa kuwa mayai huyanunua huko. Kuanzia hapo mwalimu akatuongoza mitaa alimokuwa akiwafuata watoro wa darasa lake. Mlimani nikachukua mimi, maana nusu ya watu wa kule nimewazibulia masinki.

"Kulia, pale kwa mzee mwenye tangi la bluu," nikamwelekeza dada. "Halafu kulia tena kwa yule bibi anayemwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki kisha ananilaumu mimi."

"Huyo shangazi yangu!" sauti ikatoka nyuma.

"Basi mwambie aache."

Njia ikaanza mashimo. Mama akapiga kelele, "Mayai yangu!" na trei zikagawanywa basi zima, kila abiria akapakata moja. Kijana mwenye tai aliibeba yake kama mtoto wa siku ya kwanza. Mbele tukakuta kamba ya nguo imevuka barabara. Nikashuka na bomba langu la plastiki, nikaiinua kamba, dada akapitisha basi polepole chini ya mashuka. Mwenye nguo akatoka mbio, povu mikononi.

"We baba! Mnapitisha basi kwenye nguo zangu?"

"Linapita mara moja tu, dada."

"Na likirudi je?"

"Tutabisha hodi."

Mwisho tukaibukia barabara kuu, tukaanza kupita vituo vyetu. Dada akapunguza mwendo. "Sokoni! Kuna wa kushuka?"

"Endesha, mwanangu," mama akasema. "Mayai hayana miguu, hayatakimbia."

Kituo cha mwalimu kikapita. Changu kikapita. Nilishika mkoba, kisha nikauachia. Nilitaka kuona mwisho wake.

Msimamizi alikuwa amesimama na filimbi shingoni, tumbo mbele. "Mbona umetokea huku?" akamuuliza dada. Kabla dada hajafungua mdomo, abiria wakamjibu wote kwa pamoja. Mama akasema kulikuwa na msafara wa harusi. Kijana akasema tairi. Mwalimu, mtu mzima na mvi zake, akasema ng'ombe. Msimamizi akawasikiliza, kisha akanyoosha mkono akachomoa foronya mbichi iliyonasa kwenye kioo cha pembeni. Akaja mpaka dirishani kwangu.

"Wewe hujasema kitu. Huyu alipotea?"

"Alipotea," nikasema.

Mama akanikanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Nikaendelea.

"Alipotea, akasimama, akauliza. Yule wenu wa zamani alikuwa akipotea hasemi, akatupeleka mpaka kwenye machimbo ya mchanga. Na hilo bomba, ofisini mlijua limepasuka?"

"Taarifa tulipata alfajiri."

"Mkamwambia?"

Akaishika filimbi yake, asiipulize. Akachungulia ndani. "Nyote mnashuka hapa?"

"Hapa hashuki mtu," mama akasema.

"Sasa mmekuja kufanya nini?"

"Tumemsindikiza," mwalimu akajibu.

Msimamizi akatutazama, mtu mmoja mmoja na trei yake ya mayai. Midomo ikaanza kumchezacheza. "Basi hili hufika hapa tupu kila siku," akasema. Akamtupia dada ile foronya. "Funguo baki nazo. Geuza uwarudishe hawa vituoni mwao. Na hii mpelekee mwenyewe, umwombe radhi."

Mama alipiga vigelegele karibu na sikio langu mpaka leo linavuma. Dada akajifuta macho kwa foronya ya watu, akageuza basi.

Njiani simu yangu ikalia. Alikuwa mteja, maji yamemjaa jikoni.

"Fundi, uko wapi?"

"Kwenye basi. Nimepitiliza kituo."

"Ulilala?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa macho kabisa."